Malalamiko Juu ya Picha Yangu Inayosema Ukweli

Duka la Rangi na Vifaa vya Ujenzi,
Rodi Kopany.
Jumapili asubuhi.

Kwa Mzee Mahmud,
Duka la Vitambaa,
Homa Bay.

Ndugu yangu Mahmud,

Kuh: Mwenendo wa binti yetu Hadiya katika kazi ya tovuti

Pokea salamu za dini yako na za dini yangu, zote kwa ukamilifu wake, uchague mwenyewe za kuanza nazo. Natumaini vitambaa vinatoka na magoti yamepoa. Sisi huku ni wazima, isipokuwa jina langu, ambalo ni gonjwa, na ndiyo sababu naandika.

Wewe na mimi tulifika upande huu wa ziwa karibu wakati mmoja, wewe na robota zako za vitambaa, mimi na mikebe yangu ya rangi kutoka Kisii. Wote tulikuwa wageni, tukashikana mikono kama wageni, na tangu hapo hatujawahi kukosana hata kwa neno. Kwa hivyo sikutaka kwenda kwa chifu, wala kumwandikia mhariri wa gazeti lolote. Najua kwamba Hadiya ni mtu mzima, ana ofisi yake ghorofani, ana watu aliowaajiri, na wao humwita Madam. Lakini hapa kwetu mtoto akimkosea jirani, jirani huenda kwa baba yake. Sijaona palipoandikwa kwamba desturi hiyo inakoma siku mtoto anapofungua ofisi.

Utakumbuka ni wewe uliyenisifia kazi yake. Ulisema siku hizi duka lisilo na tovuti ni duka lisilo na mlango. Nikakubali, nikampa kazi. Akaja na wenzake, wakapiga picha, wakauliza maswali, wakanywa chai. Akaniahidi tovuti iliyofuata viwango vya dunia nzima, ambayo kila mtu ataweza kuitumia: anayeona na asiyeona, mwenye vidole vyote na aliyepungukiwa, mwenye simu mpya na mwenye simu yenye ufa. Nilipiga makofi. Sikujua ninashangilia nini.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Tovuti yangu ni bubu. Niliomba mtu akiifungua akaribishwe na kwaya yetu ya kanisani, ikiimba kwa nguvu zake zote. Hadiya akakataa. Alisema mtu asiyeona hutegemea sauti ya simu imsomee yaliyoandikwa, na kwaya ikianza, sauti hiyo itamezwa. Akaongeza kwamba hata anayeona huenda yuko kandokando ya mtoto aliyelala. Mzee Mahmud, unaijua Rodi Kopany siku ya soko. Duka lisilo na spika mlangoni watu hudhani limefiwa. Mteja mmoja wa Ndhiwa amenipigia kuuliza kama tumefunga.

2. Nimefelishwa katika rangi. Mimi, ambaye nimechagulia rangi makanisa, shule, zahanati, na baa moja ambayo kwa nafasi yangu kanisani sitaitaja. Niliomba maandishi ya manjano juu ya nyeupe, na vichwa vyote viwe vya rangi ya dhahabu, kwa heshima ya wateja wangu wanaochimba dhahabu kule Osiri. Hadiya akafungua kwenye kompyuta kitu kinachopima kama maandishi yanaonekana vizuri juu ya rangi iliyo chini yake. Kikaipima manjano yangu. Kikaifelisha. Akapima dhahabu, nayo ikafeli. Fundi Arasa, anayenipakia nyumba za wateja, alikuwa amesimama hapo hapo na brashi yake, na badala ya kunitetea akasema amekuwa akijiuliza tangu zamani kibao changu cha nje kimeandikwa nini. Sasa tovuti nzima ni maandishi meusi juu ya nyeupe, kama tangazo la kifo. Nakubali yanasomeka, hata na jua likiwaka juu ya simu, lakini hilo silo nililoomba.

3. Amefuta mwito. Niliweka vitufe vilivyoandikwa Bonyeza Hapa, Bonyeza Na Hapa, na Usisahau Kubonyeza Hapa. Hadiya akavibadilisha vyote. Kimoja sasa kinasema Tazama bei za rangi, kingine Pata duka letu la Migori, na kadhalika, yaani kila kitufe kinatangaza kitakupeleka wapi kabla hujakigusa. Anasema asiyeona huambiwa vitufe kimoja baada ya kingine, na akisikia hapa, hapa, hapa, hajui hapa ni wapi. Lakini hiyo ndiyo biashara yenyewe! Mwenye duka humwita mpita njia, kuja customer, kuja, na mpita njia huja akitaka kujua anaitiwa nini. Akishaingia mnaongea. Leo mtu anakwenda moja kwa moja kwenye kitu anachotaka na kuondoka bila kuangalia kingine. Nilikuwa pia nimeomba mikebe ya rangi iwe inarukaruka na taa zimetamete kama Krismasi. Akaniambia mwangaza wa kumetameta unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa. Hapo nilikubali, kwa sababu sikutaka kumwangusha mtu, lakini angeweza kuniachia mkebe mmoja unaoruka polepole.

4. Fomu ya kuagiza haina adabu. Inamuuliza mteja jina, namba ya simu, anataka nini, na ipelekwe wapi. Basi. Mimi nilikuwa nimeandika maswali ya mtu mwenye akili: kwenu ni wapi, wewe ni mtoto wa nani, mama anatoka upande gani, unasali wapi, na kama tumewahi kuoleana. Hadiya alisema usimuulize mtu usichokihitaji, maana kila swali la ziada ni mzigo kwa anayeandika kwa shida. Matokeo yake ni haya. Juzi liliingia agizo la rangi ya nyumba nzima, karibu na Rongo. Nilikuwa nimetoka kuchanganya rangi, nikapanda gari kama nilivyo, nikiwa na kaptula na miguu ina madoa ya kijani. Kumbe ni nyumbani kwa wakwe wa mwanangu! Mama mwenye nyumba alifunika uso kwa leso akakimbilia jikoni. Unajua mila zetu kuhusu wakwe. Mpaka sasa haijulikani nani amwombe nani msamaha, na mbuzi anatajwa. Swali langu moja tu, la kama tumeoleana, lingezuia yote hayo.

5. Hili ndilo lenyewe, na hapa naomba ukae chini.

Hadiya alinieleza kwamba kila picha katika tovuti ina mahali pake pa maneno. Anayeona hayaoni maneno hayo, lakini asiyeona, simu yake inamsomea, ili naye ajue picha ni ya nini. Akaniuliza kama ningependa kupendekeza maneno ya picha yangu, ile niliyosimama mlangoni mwa duka. Nilimwelewa mara moja. Hiyo ni pakruok. Umekaa huku vya kutosha, umewaona wenyeji wetu: ngoma ya ohangla ikikolea mtu hutoa kitu kidogo, muziki unasimamishwa, naye anasimama mbele ya wote na kujisifu mpaka watu wapige mayowe. Mimi mzee wa kanisa siendi ngomani. Lakini kwenye harambee na harusi nimejifunza, na nimewahi kuambiwa kwamba kwa mtu wa Kisii najisifu vizuri.

Basi nikakaa, nikaandika hivi: Mimi Omanga, baba wa rangi zote, ndovu anayepita mlango wa kanisa bila kuinama, mume wa Mwalimu, mtu ambaye mvua ikimwona inasubiri kwanza rangi ikauke.

Hadiya alisoma kwa heshima. Akasema ni maneno mazuri sana. Kisha akauliza, mtu asiyeona akiyasikia, atajua kwenye picha kuna mtu au kuna ndovu? Akayaweka kando, akaandika yake bila kunisomea. Nakunukulia kama yalivyo, ingawa mkono unagoma: Mwanamume wa makamo, mwenye kipara na ndevu za mvi, amesimama mlangoni mwa duka la rangi. Shati lake la buluu limembana tumboni. Anacheka.

Ndugu yangu, hebu fikiria ni nani anayesikia maneno hayo. Unamjua mke wangu, Mwalimu Nyanchama. Unajua presha ya macho ilivyomzimia dunia taratibu, kwanza pembeni, kisha katikati, na tulivyohangaika hospitali hadi hospitali mpaka tukaambiwa turudi nyumbani. Mara ya mwisho kuniona nilikuwa na nywele. Nilikuwa mwembamba. Nilivaa suruali ya marinda yenye mkanda, na mkanda ulikuwa wa kazi, kwa sababu bila huo suruali ingeshuka. Tangu hapo, kila akiniuliza ninaonekanaje siku hizi, mimi humjibu kwamba niko vile vile. Naye akiniuliza yeye anaonekanaje, humjibu kwamba yuko vile vile. Tumeishi vizuri sana hivyo.

Usiniambie kwamba ana mikono. Mikono inajua mengi, lakini nyumbani ninavaa kofia ya sufu, na nimemwambia kwamba nasikia baridi. Hilo la tumbo nimelieleza kuwa ni gesi.

Sasa wiki iliyopita alikuwa verandani akichambua maharagwe, mimi niko ndani karibu na dirisha. Nikasikia simu yake ikifungua tovuti yangu. Hata nilitabasamu, nikijua sasa ataisikia kazi ya mumewe. Ile sauti, inayosema Kiswahili kama mgeni aliyefundishwa kituo cha polisi, ikapita bei za rangi, ikapita duka la Migori, ikafika kwangu. Kipara. Ndevu za mvi. Shati limembana tumboni. Yeye akaacha maharagwe. Akairudisha nyuma, ikasema tena. Akairudisha tena. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu, na mwishowe nikasikia maharagwe yakianza tena kuangukia sufuriani. Hakusema chochote jioni ile, na mpaka leo hajasema.

Mzee Mahmud, niliumia. Sikuumia kwa sababu ya kipara, kipara changu nakijua. Niliumia kwa sababu kulikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo nilikuwa bado kijana, na ni kwenye kichwa cha Nyanchama, na binti yako amenifukuza huko kwa sentensi tatu. Ningependa kujua ni viwango vipi vya dunia vinavyoruhusu jambo hilo.

6. Maneno hayo yametoroka. Niliambiwa wanaoona hawatayaona. Si kweli. Kule Osiri mtandao ni wa kubahatisha, picha inagoma kufunguka, na mahali pake yanatokea maneno. Wachimbaji hawajawahi kuniona, mimi huwatumia karai na sururu kwa gari, kwa hivyo kwao mimi si picha tena, mimi ni maneno. Mteja wangu mkubwa wa huko, kijana wa Kikuria anayeitwa Maroa, alipiga simu wiki hii na kuuliza kama anaongea na yule jaduong', yaani mzee, wa shati ya kubana. Alisema kwa heshima, hilo nakiri, na akaagiza zaidi ya kawaida. Kutoka Osiri jina limeshuka mpaka Migori mjini, na nasikia limefika Muhuru Bay, ambako hununua kwangu rangi ya kupakia mashua. Huko wamelifupisha. Wananiita Shati.

7. Hatari kwa jamii nzima. Hapa sizungumzi tena kwa niaba yangu peke yangu. Ikiwa leo tumekubali kwamba picha lazima iseme kilichomo ndani yake, kesho nani atazuia mengine? Kesho mkebe wa rangi utalazimika kusema kwamba rangi hii hupauka upande wa jua. Kesho kutwa mabango ya wanasiasa yatasema kwamba huyu bwana alipigwa picha hii akiwa bado na nywele. Picha za wachumba zinazotumwa kwa wazazi zitafika zikiwa na maelezo, na vikao vya mahari vitavunjika kabla soda hazijafunguliwa. Nani ataoa? Nani atachaguliwa? Baraza letu la wazee wa kanisa lina picha moja kubwa ukutani, na nikimfikiria Hadiya akiwa mbele yake na kompyuta, nakosa usingizi. Jamii yetu imesimama juu ya watu kuangaliana na kutosema. Akishapatikana mmoja wa kusema, tena kwa viwango, hatujui ataishia wapi.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Kwanza, umwite Hadiya, umkalishe, na umwambie kwa upole wa baba aondoe maelezo yale na kuweka pakruok yangu kama nilivyoiandika. Akisema ndovu hayumo kwenye picha, niko tayari kumpaka ndovu kwenye ukuta wa duka, nyuma yangu, ili iwe kweli. Ikishindikana, nampa picha ya harusi yangu aitumie hiyo, na aandike anachokiona humo mpaka achoke. Ikishindikana na hiyo, naomba muda wa kupunguza tumbo, kisha nipigwe picha upya, ingawa Nyanchama anapika vizuri na siwezi kuahidi tarehe. Mwisho, aniandikie majina na anwani za hao watu wanaokaa na kutunga viwango vya tovuti za dunia, nami nitawaandikia mwenyewe. Sidhani kama waliuliza mtu yeyote wa Rodi Kopany. Nitawaomba wasiguse vya wengine, watupe tu ruhusa ndogo hapa kwetu, ya waume waliosimama mlangoni.

Nisalimie Mama Kultum, na umwambie kile kitenge alichomtumia Nyanchama kimeshonwa. Msalimie Ahmednur na wote wa dukani, na yule fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara anayenidai hadithi. Hadiya naye msalimie, ila salamu zake zipunguze kidogo mpaka tumalize jambo hili.

Ni mimi, ndugu yako wa ugenini na wa biashara, niliye vile vile,

Gichana Omanga

Nyongeza, Jumapili hiyo hiyo, jioni.

Mzee Mahmud, usimwite Hadiya.

Bahasha nilikuwa nimeshaifunga. Lakini hakuna barua inayotoka nyumba hii kabla ya Nyanchama kusomewa. Ni mwalimu, hata kama amestaafu, na barua yenye makosa humkosesha raha. Alisikia kalamu ikikwaruza tangu asubuhi, akaniambia nifungue nisome. Nikasoma. Nilipomaliza la nne nikarukia la sita, kwa sauti ile ile, bila kupumua. Akauliza la tano limekwenda wapi. Nikasema ni dogo tu, linahusu vifaa. Akasema mtu hawezi kuwa na hasira zote hizi kwa sababu ya manjano, nirudi nilisome. Basi nikalisoma lote.

Kumbe maneno yale hayakuwa ya Hadiya. Yeye kwanza alikuwa ameandika tu kwamba mwenye duka amesimama mlangoni. Ni Nyanchama aliyempigia simu na kumwomba aandike kila anachokiona, asinihurumie. Hadiya alikataa, akasema ni kumkosea mzee adabu, naye akamwambia kwamba mwenye mzee ametoa ruhusa. Kofia haikumdanganya hata siku moja, anasema, kwa sababu hapa hakuna baridi. Alichokuwa anataka ni kuambiwa na mtu mwingine. Anasema amejisikia akizeeka miaka hii yote, mgongo, magoti, ngozi ya mikono, na kila akiuliza anaambiwa kando yake kuna kijana ambaye hajabadilika hata kidogo. Alikuwa ameanza kuona kwamba anazeeka peke yake. Siku ile verandani aliirudisha ile sauti kwa furaha. Alinyamaza kwa sababu alikuwa analia, na hakutaka nimsikie.

Kwa hiyo malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la saba, nimeyaondoa, pamoja na manjano. Tafadhali umpe Hadiya salamu kamili. Umwombe pia arudi na kamera yake, siku yoyote isipokuwa Sabato. Nyanchama anataka picha yake iwekwe kando ya yangu, na iandikwe vile vile, kwa sababu mimi nimemwambia siku zote kwamba hajabadilika, na sasa haniamini tena. Nilijitolea kumweleza mwenyewe jioni hii. Nikaanza na kilemba, nikaenda vizuri, nikashuka kwenye paji la uso, na nilipofika kwenye macho yake nikashindwa kuendelea. Hadiya ataweza. Mwambie aandike yote.